Siku Niliyokula Barafu

Barafu ya kwanza niliiweka mdomoni saa nne kasorobo asubuhi, Jumatano ya tarehe 19 Juni 2019, kwenye chumba cha kutengwa ghorofa ya tano ya hospitali moja mjini Chennai, kusini mwa India. Binti yangu alikaa upande wa miguu, kavaa barakoa, mapajani kapakata bakuli la chuma lililojaa vipande vya barafu. Dawa yenyewe, melfalani, dawa kali ya saratani, ilikuwa haijaletwa. "Anza sasa, anti," sista aliniambia, "dawa ikifika ikukute mdomo umeshakufa ganzi." Kule wauguzi humwita kila mwanamke wa umri wangu anti, na wengi wao hutoka jimbo la jirani la Kerala, wasichana wenye mikono myepesi. Nilitazama nje ya dirisha. Chini barabarani wanawake walikuwa wamepanga madumu kusubiri lori la maji, kwa sababu mwezi ule mabwawa manne makubwa yanayoupa mji maji yalikuwa yamekauka. Wale wanasubiri ndoo moja, na mimi nimeletewa bakuli zima la barafu nimumunye. Nilisema Alhamdulillahi, nikafumba macho, nikaanza.

Tangu nirudi nyumbani nimepigiwa simu na wagonjwa wengi walio njiani kuelekea kwenye tiba hii. Karibu wote huuliza juu ya upandikizaji. Unauma? Nani alikutolea uloto? Walikupasua wapi? Hakuna anayeuliza juu ya dawa ya siku ya barafu. Siwalaumu, maana jina lenyewe linapoteza watu. Ukisikia "kupandikizwa uloto" unaona kisu, unaona ndugu wawili wamelazwa vitanda viwili. Kwenye kikao cha ukoo kule Pangani kaka yangu mkubwa alisimama akasema kama ni uloto basi achukuliwe wake, yeye bado ana nguvu. Nililia mbele za watu. Kumbe uloto wa kaka haukuhitajika. Mimi ndiye niliyejitolea mwenyewe, na wala hakuna aliyenipasua.

Nieleze ugonjwa kwanza, ila kwa ufupi. Ndani ya mifupa mna uloto, na humo damu inatengenezwa. Miongoni mwa seli zake mna seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Katika mailoma, ndiyo saratani yangu, seli moja ya plazma huharibika, ikazaa nyingine zisizohesabika zinazofanana nayo, zote zikitoa protini ya aina moja isiyo na faida. Zinajaza uloto, damu inapungua. Zinakula mifupa. Protini yao inakwenda kuziba figo. Mimi ilinianza kwa maumivu ya kiuno mwanzoni mwa mwaka 2018. Nilikuwa na miaka 56, mwalimu wa hesabu wa sekondari kwa miaka 31, nikasema ni kusimama ubaoni tu. Kituo cha afya nilichokwenda, nacho kikasema hivyo hivyo. Kwa miezi minane nilichomwa sindano za diklofenaki na kumeza vidonge vyake kama karanga. Hakuna aliyenipima damu. Daktari kijana niliyempata mwishoni, alipofunua kope zangu na kuona ndani zilivyo nyeupe, alinipeleka maabara siku hiyo hiyo. Himoglobini 7.4, damu kidogo mno. Kreatinini, kipimo cha figo, 310, wakati mwanamke wa kawaida hazidi 100. Akaniuliza, "Mama, hizi dawa za maumivu umezitumia muda gani?" Nilipomjibu aliinamisha kichwa.

Naitaja diklofenaki kwa makusudi, kwani ilinifuata mpaka Chennai. Figo iliyokwisha kubanwa na protini ya mailoma haitakiwi kuongezewa mzigo wa dawa za namna hiyo, na mzigo niliouongeza ndio uliokuja kuamua nipewe melfalani kiasi gani.

Dar es Salaam walinitoa uloto kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, jibu likaja. Nikaanza mizunguko minne ya botezomibu, lenalidomaidi na deksamethasoni. Hizo zilikuwa dawa za kupunguza moto wa ugonjwa, na zilinisaidia sana. Protini mbaya ilishuka, mgongo ukanyooka, nikaweza kusali nimesimama. Hapo nikaambiwa ndio wakati wa kwenda kupandikizwa, ugonjwa ukiwa chini. Wakati ule huduma hiyo haikuwepo nchini. Muhimbili, hospitali ya taifa iliyoko Dar es Salaam, ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021. Kwa hiyo ukawa mchango. Wanafunzi wangu wa zamani, wengine sasa wana wajukuu, walituma kwa simu elfu kumi kumi. Jina la kila mmoja nimeliandika kwenye daftari la hesabu na ninalo mpaka leo.

Tulifika Chennai mwishoni mwa Ramadhani. Sikukuu tuliila kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali, yenye vyumba vyenye jiko kwa ajili ya wagonjwa wa kutoka nje. Mji ulikuwa na kiu. Mwenye nyumba alifungua bomba nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na maji ya kunywa tulinunua kwa madumu ya lita 20 yanayopanda bei kila siku. Nami nilikuwa chini ya amri ya kunywa lita 3 kwa siku, maana mgonjwa wa mailoma maji ni sehemu ya dozi. Binti yangu alioga kwa kopo mbili ili mimi ninywe. Hakuniambia wakati ule. Nilijua baadaye, nilipomsikia akimsimulia mdogo wake kwenye simu.

Kwenye korido ya nyumba ile ndipo niliposikia Kiswahili. Bibi mmoja wa Kiomani, kavaa ushungi mweusi, anamgombeza mumewe kwa lafudhi ya Unguja kabisa: "Nshakwambia usinyanyue ndoo hiyo!" Nilisimama kama niliyeitwa. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, akanikumbatia kama tuliopotezana. Alizaliwa Malindi, Unguja, akaenda Maskati akiwa msichana. Mumewe alikuwa na ugonjwa wangu na alikwisha kupita kwenye melfalani, yuko siku ya arobaini na kitu baada ya upandikizaji. Huyu bibi ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa barafu.

"Watakupa barafu," aliniambia. "Usiitafune, itakuuma meno ukaitupa. Iweke shavuni, izungushe, iache iyeyuke, weka nyingine. Mdomo usipate joto hata kidogo. Mzee wangu alichoka nusu ya njia, akaona ni upuuzi, akaacha. Wiki iliyofuata ulimi ulimvimba asiweze kumeza mate yake. Siku tisa alilishwa kwa mshipa."

Nilimuuliza daktari, naye akanieleza sababu. Melfalani huua seli zinazozaliana haraka, na ngozi ya ndani ya mdomo ni miongoni mwa hizo. Baridi ya barafu inasinyaza mishipa midogo ya damu mdomoni, damu inapungua kufika pale, na dawa iliyomo ndani ya damu inapungua nayo. Dawa haikai sana mwilini, ndani ya saa chache nyingi inakuwa imekwisha. Ukiulinda mdomo kwa muda ule imara, umeulinda. Jambo la bei ya barafu tu.

Daktari wetu alikuwa mzee mpole anayependa kuchora. Alipojua mimi ni mwalimu wa hesabu alinipa karatasi nipige mwenyewe hesabu ya dozi yangu. Melfalani haipimwi kwa uzito peke yake, inapimwa kwa eneo la mwili. Unazidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, unagawanya kwa 3,600, halafu unatafuta kipeuo cha pili. Mimi nina sentimita 160 na siku ile nilikuwa na kilo 58. Zidisha unapata 9,280, gawanya, 2.58, kipeuo chake ni 1.6 na ushee. Mita za mraba 1.6. Dozi kamili ni miligramu 200 kwa kila mita ya mraba, yaani 320 kwangu. Nilimwonyesha kwa fahari. Akasema hesabu ni sahihi, ila wewe hutapata hiyo.

Kreatinini yangu ilikuwa imeshuka lakini haijarudi ilipotakiwa. (Kule wanaipima kwa kipimo kingine. Nilipoona 1.5 nilifurahi nikidhani nimepona figo, mpaka nilipofundishwa kuzidisha kwa 88.4 ndipo nikapata 133 yangu.) Kwa mtu mwenye figo dhaifu, na mara nyingi kwa wazee pia, hupunguza dozi ikawa 140, kwani ile ya 200 humwadhibu kupita kiasi. Kwa hiyo 140 mara 1.6, miligramu 224. Niliuliza kama nimepunjwa. Nililiuliza kwa hasira, nikiona miezi minane ya zile sindano za kiuno. Mzee hakukasirika. Alisema 140 haikuokotwa njiani. Mwaka 1983 madaktari wawili wa London, McElwain na Powles, walitangaza kwamba melfalani ya kipimo kikubwa, hadi 140 kwa mita ya mraba, iliweza kufuta mailoma ambayo vidonge vya kawaida vilikuwa vinaipunguza tu. Wagonjwa wale hawakurudishiwa seli zozote. Uloto wao uliachwa uamke wenyewe baada ya kupigwa, na ilikuwa safari ndefu na ya hatari. Kuhifadhi seli za mgonjwa na kumrudishia kulikuja baada ya hapo, ili watu wavuke.

Ni yeye pia aliyenieleza kwamba melfalani imetoka katika ukoo wa gesi ya haradali, ile iliyomwagwa na Wajerumani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1917. Madaktari waliona gesi ile inaua chembe nyeupe za damu, wakajiuliza kama inaweza kutumiwa kwa saratani ya damu. Wakemia wa London miaka ya 1950 wakaiunganisha na kiungo cha protini ambacho seli hukipenda, ili seli iimeze ikidhani ni chakula. Ikishaingia inazifunga pamoja nyuzi mbili za DNA zisiweze kuachana, na seli isiyoweza kuachanisha nyuzi zake haiwezi kuzaa. Usiku ule sikulala vizuri. Binti yangu alinishika mkono akasema, "Mama, wewe ulitufundisha kwamba kisu ni kile kile, cha muuaji na cha mpishi." Sikumbuki kama nilisema hivyo, lakini nililala.

Ukusanyaji wa seli zangu, za kurudishiwa baada ya melfalani kuupiga uloto, ulikuwa kabla ya siku ya barafu. Kwa siku tano nilichomwa filgrastimu tumboni, sindano inayosukuma seli shina, yaani seli mama zinazozaa damu, zitoke kwenye uloto ziingie kwenye damu. Mifupa iliuma kwa namna ambayo sikuijua, kifua na nyonga vinapiga kama vina moyo wao. Kisha tarehe 17 na 18 nililazwa kando ya mashine, muda wa saa tano kila siku. Damu inatoka kwa mrija mmoja shingoni, mashine inachuja seli shina, inayobaki inarudi. Midomo ilikuwa inafanya kama sisimizi wanatembea, wakanipa kalsiamu, ikatulia. Walihitaji angalau seli milioni 2 kwa kila kilo ya mwili wangu. Walipata milioni 4.2. Zidisha kwa 58. Watu milioni 243 nimewaweka kwenye mfuko, nilimwambia binti yangu.

Hospitali nyingine hugandisha seli hizo ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Zangu hazikugandishwa. Ziliwekwa kwenye jokofu la benki ya damu kwa nyuzi joto 4, kama ambavyo vituo vingi vya India hufanya kwa mailoma, kwa kuwa melfalani hutolewa siku moja tu na seli hazisubiri muda mrefu. Hiyo inaokoa fedha nyingi. Lakini ina maana pia kwamba ukishavuna, saa imeanza kuhesabu, na huwezi kusema nipumzike wiki.

Basi Jumatano ikafika. Walinipa dawa za kuzuia kutapika kwanza, ondansetroni na nyinginezo, na dripu ya maji. Saa nne na robo sista mwingine akaja mbio na mfuko mdogo uliofunikwa. Melfalani ikishachanganywa haikai, inaanza kuvunjika, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimepangwa dakika kwa dakika. Wauguzi wawili walisoma jina langu kwa sauti, namba yangu, 224, wakanitaka nirudie. Wakafungua.

Nilitegemea kuungua. Hakuna kilichoungua. Tone, tone, tone, dakika 30, dawa ikaisha, mfuko ukatolewa. Kilichoniumiza ni barafu. Dakika ya ishirini fizi ziliuma mpaka machozi yakanitoka, taya likafa, kichwa kikapiga kama aliyekunywa maji baridi kwa pupa. Nilitema. Binti yangu hakunibembeleza. Aliniwekea nyingine mbele ya midomo akasema kwa sauti ile ambayo mimi mwenyewe nilikuwa naitumia darasani, "Fungua, Mama." Nikafungua. Tulikwenda hivyo muda wa saa mbili, kabla, wakati wa dawa, na baada. Yeye anahesabu kwenye simu, mimi namumunya. Bakuli tatu.

Kesho yake jioni, Alhamisi, zaidi ya saa 24 zikiwa zimepita ili melfalani iwe imeondoka, walileta seli zangu. Mfuko wenye rangi ya mchuzi wa nyanya. Ulining'inizwa kama damu ya kawaida, ukaingia kwa dakika 25. Huo ndio upandikizaji. Kaka alikuwa kwenye simu ya video kutoka Pangani, ukoo mzima umejazana nyuma yake, wanasubiri kuona tendo lenyewe. Waliponiona nimekaa kitandani nimejifunga kanga naongea, shangazi akauliza, "Wataanza saa ngapi?" Nikamwambia wameshamaliza. Wauguzi waliandika kwenye ubao: Siku ya 0.

Siku ya 1 mpaka ya 4 nilikuwa mzima. Hapa ndipo watu hukosea, na mimi nilikosea. Nilikula uji wa mchele wanaouita kanji, nilitembea chumbani hatua 500, nikaanza kufikiri kwamba dozi iliyopunguzwa haitanifanya kitu. Melfalani ilikuwa imeshamaliza kazi zamani, ila mwili haujapata taarifa. Chembe nyeupe zilizokuwepo zilikuwa zinaisha umri wake, na kiwandani hakuna zinazozaliwa. Siku ya 5 hesabu ya neutrofili, askari wa kwanza wa mwili, ilikuwa 200. Siku ya 6 karatasi ilisoma sifuri.

Mdomo wangu ulisalimika. Kidonda kimoja tu chini ya ulimi. Lakini barafu haifiki kooni wala tumboni, na huko ndiko melfalani iliponidai. Kumeza kulikuwa kama kumeza mchanga. Kisha tumbo likafunguka.

Hili nataka nilieleze polepole kwa sababu ndilo kosa langu kubwa. Usiku wa siku ya 6 niliharisha mara nne, nikasema ni aibu, nisimwamshe mtoto. Mimi ni mama yake. Nilijisafisha mwenyewe kwenye choo cha chumbani nikishika ukuta, nikarudi kitandani, nikamwambia sista wa zamu kwamba nimekwenda mara moja. Ile karatasi ya kuandika kila kinachoingia na kinachotoka mwilini niliijaza uongo, mimi niliyewachapa wanafunzi kwa kunakili majibu. Asubuhi presha ilikuwa chini sana na kreatinini imepanda mpaka 2.3. Figo zile zile tulizozihurumia kwa kupunguza dozi, nilikuwa nimeziadhibu kwa haya. Daktari alikuja akakaa kwenye kiti, akaniambia kwamba kwenye chumba kile kinyesi ni habari kama joto la mwili lilivyo habari, nao bila habari ni vipofu. Hakupaza sauti. Binti yangu ndiye aliyelia. "Mama, nimekuja huku kufanya nini?" Tangu saa ile alinisafisha yeye, ananifunika kwa kanga, haongei, akimaliza ananisomea Yasin. Mimi niliyemwogesha mtoto huyu kwenye beseni. Kama unampeleka mzazi wako kwenye tiba hii, zungumzeni jambo hili kabla ya safari, kwa maneno yake kamili, mkiwa bado mna nguvu ya kuoneana haya.

Siku ya 8 joto lilifika 38.4. Nilikuwa nimeambiwa kwamba bila chembe nyeupe, 38 ni dharura, na niliona maana yake. Hawakusubiri jibu la maabara. Walichukua damu ya kuotesha vijidudu kutoka kwenye mrija na mkononi, na ndani ya saa moja antibayotiki ilikuwa inaingia. Siku hiyo chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa 9,000 tu, wakaniongezea mfuko wa rangi ya manjano uliotoka kwa mtu nisiyemjua, ukiwa umepigwa mionzi kwanza ili chembe nyeupe za mtoaji zisije zikaushambulia mwili usio na ulinzi. Niliota madafu usiku kucha. Mji ule umejaa madafu kila kona, kama Tanga, na mimi mtoto wa pwani nimekatazwa kwa sababu ya figo na ya panga la barabarani lisilojulikana lilikokata. Hakuna matunda mabichi, hakuna kachumbari, hakuna mtindi. Chakula kipikwe kiliwe moto, kikipoa kimwagwe.

Siku ya 9 na ya 10 sina la kuwaambia. Nilikuwepo, basi. Nakumbuka feni na sauti ya binti yangu.

Siku ya 11 sista aliingia asubuhi na karatasi ameificha nyuma. Neutrofili 100. Nilidhani ni kidogo, akanitikisa mguu: "Anti, jana sifuri!" Siku ya 12, 600. Siku ya 13, 1,800. Wakisema seli zimeshika wanamaanisha neutrofili zimepita 500 na zinakaa hapo. Koo lilifunguka kwa siku mbili kama mlango uliotiwa mafuta. Nywele ndizo zilizoanza kutoka wakati ule, mimi nimeshasahau habari zake. Binti aliona mto umejaa akaleta wembe wa mashine. Siku ya 16 nilitoka kwa miguu yangu, barakoa usoni, mpaka nyumba ya wageni. Bibi wa Kiomani na mzee wake walikuwa wamesharudi Maskati. Walituachia jagi kubwa la maji yaliyochemshwa, limefunikwa kwa kitambaa, mwenye nyumba akiyabadilisha kila siku kwa maagizo yao.

Tarehe 12 Julai treni ya mabehewa ya maji kutoka Jolarpettai iliingia Chennai, watu wakaipokea kwa mashada ya maua. Tuliitazama kwenye runinga. Binti yangu siku hiyo alioga ndoo nzima.

Sijapona mailoma, na hakuna aliyeniahidi hivyo. Kipimo cha siku ya 100 kilionyesha protini mbaya imekuwa kidogo kiasi cha kutohesabika, nikaanzishwa lenalidomaidi kidogo ya kila usiku. Chanjo zangu zote za utotoni zilifutika pamoja na uloto wa zamani, nikarudia moja moja kuanzia mwaka uliofuata, nikisubiri zamu kwenye benchi na akina mama wenye watoto wachanga. Kila miezi mitatu nakwenda Dar kutoa damu. Diklofenaki haijaingia tena nyumbani kwangu, na mtu akija kulalamika kiuno zaidi ya mwezi mmoja namuuliza kama amepimwa damu na figo. Majirani wamenizoea.

Mwezi uliopita mume wa mwalimu mwenzangu aliambiwa ana ugonjwa huu huu. Safari yake yeye ni ya Dar tu. Amepangiwa melfalani wiki ijayo, na ni mtu asiyependa kuuliza maswali, kwa hiyo nilimwendea nyumbani. Nilimweleza kuhusu siku ya 5, kuhusu ile karatasi ya kuandika kinachotoka, kuhusu joto la 38. Mke wake aliandika. Yeye alikaa kimya akitazama bahari. Jana usiku, saa tano kasoro, simu ikalia, ni yeye mwenyewe. Hakusalimia. Aliuliza, "Mwalimu, hiyo barafu, wakinitaka niitengeneze nyumbani, iwe ya maji gani?" Nikamwambia ya maji yaliyochemka, yakapoa yakiwa yamefunikwa, na vipande viwe vidogo, vya kukaa shavuni.